Bibi Alipolifukiza Dumu

Harufu ya moshi ndani ya kibuyu ndiyo iliyonilea. Kwa bibi yangu, huko Kwihara, kibuyu kipya hakikutiwa maji ya kunywa mpaka kipite mikononi mwake. Kwanza alikijaza maji ya moto na kukiacha hadi uchungu utoke, kisha akakitia kokoto na majivu na kukitikisa mpaka mikono ilegee, mwisho akakiinamisha juu ya makaa na kukifukiza. Maji ya humo yalikuwa baridi, yenye harufu tamu ya moshi, na mpaka leo nikinywa maji yasiyonukia kitu naona kama nimepunjwa. Bibi aliamini hakuna chombo kisichotii utaratibu huo, na mimi, msichana wa darasa la pili, niliamini kila alichoamini bibi.

Kiangazi kile visima vilikauka mapema. Mama alikuwa mjini, Kanyenye, na cherehani yake, nasi tulikaa kwa bibi, mimi na mdogo wangu Maganga, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Vibuyu viwili vilikuwa vimepasuka. Ndipo mjomba, aliyekuwa kibarua kwenye shamba la tumbaku, akatuletea dumu la bluu, zito, lenye mfuniko wa kukaza. Lilikuwa limebeba dawa ya kuua wadudu, na karatasi yake bado ilikuwa na picha ya fuvu. Nilimwuliza bibi lile fuvu ni la nani. "La mdudu," akajibu mjomba, wakacheka wote wawili. Bibi akalikwangua kwa mchanga mpaka likafutika, kisha akalipitisha dumu njia ileile ya kibuyu: maji ya moto, kokoto, majivu, moshi. Ubavu wake mmoja ukalegea kwa joto, ukabonyea. Akalinusa, akanipa nami. Lilinukia moshi, na nyuma ya moshi kulikuwa na ukali fulani nisioujulia jina.

"Bibi, bado linanuka."

"Litazoea tu. Hata kibuyu huanza hivyo."

Wakati huo wahudumu wa afya walikuwa wakipita kijijini kuhimiza watu wachemshe maji ya watoto. Bibi hakuwa mtu wa kupuuza. Kila asubuhi alichemsha maji, akayamimina yakiwa bado yanatoa mvuke ndani ya dumu jipya, akakaza mfuniko ili vumbi lisiingie. Yalikuwa maji ya Maganga peke yake. Mimi na bibi tulikunywa ya mtungini, yaliyotoka kisimani moja kwa moja, na nilimwonea wivu mdogo wangu kwa kupendelewa.

Halafu Maganga akaugua. Alitapika, udenda ukamtoka bila kukoma, jasho likamlowesha kama aliyetoka kuogeshwa, na mboni za macho yake zikawa ndogo ajabu. Mjomba alimpakia bibi kwenye baiskeli na mtoto mgongoni wakakimbilia zahanati, nami nikawafuata kwa miguu nikilia. Muuguzi, mama mmoja mkali, aliuliza mtoto amekula nini, amekunywa nini, na maji yanatunzwa kwenye nini. Bibi alijibu yote kwa fahari kidogo, maana alijua amefuata maagizo.

"Dumu la dawa ya tumbaku, mama?" Muuguzi aliacha kuandika. "Ukamimina maji ya moto humo?"

"Nililiosha, mwanangu. Nikalifukiza na moshi."

"Plastiki haitakati kama kibuyu, mama yangu. Inanyonya sumu. Ukitia kitu cha moto, inaitoa tena."

Wakampeleka Maganga hospitali ya mjini, akalazwa kwa siku kadhaa ambazo bibi hakula kitu. Alipona. Siku ya kuruhusiwa tulipewa dawa ya chumvi na sukari, tukaambiwa tuichanganye kwenye chupa tupu ya maji ya dukani, ya lita moja, tuioshe vizuri. Hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipovurugika kabisa. Plastiki ile imemlaza mtoto, plastiki hii inamponya, na zote mbili zinaoshwa.

Wasemao penye wengi hapaharibiki neno hawakuwahi kukaa uani kwetu jioni zile. Mmoja alisema ni malaria. Mwingine alisema mtoto wa jirani naye alitapika wiki ileile, na hajawahi kuligusa dumu. Mwingine akanong'ona kuhusu jicho la mtu. Mjomba aliapa kuwa shambani kwao wote hunywea madumu kama hayo na wako wazima. Bibi alilichoma dumu nyuma ya nyumba, moshi mweusi ukatukohoza wote, na baadaye tukaambiwa hata kulichoma kulikuwa kosa.

Sasa nina watoto wangu hapa mjini, Cheyo. Nageuza chupa kutazama alama ya chini inayoonyesha aina ya plastiki, sitii uji wa moto kwenye ndoo, na nikimwona mnunuzi wa plastiki kuukuu akipita na gunia najiuliza beseni jipya sokoni lilikuwa nini jana. Kujua kwangu kumeniongezea maswali tu. Bado nanunua mafuta ya kupimiwa kwenye chupa nisizojua zilibeba nini, kama kila mtu, na bado sijui kama ni dumu lililomwangusha Maganga. Hakuna aliyepima maji yale, na mwenyewe leo ni baba mwenye kitambi anayecheka ukimtajia habari hizo.

Bibi hakucheka. Tangu kiangazi kile, Maganga akiomba maji, bibi alikuwa akiniita popote nilipo: "Njoo umpe mdogo wako maji, mkono wangu unauma." Alimpikia, alimwogesha, alimbeba hadi akawa mzito, lakini maji alimpa mtu mwingine. Hata Maganga alipokuja na mkewe kumsalimia, bibi akiwa kitandani na kikombe cha maji mkononi, alikipitisha kwangu kwanza nimpe Maganga. Miaka yote ile mimi nilikuwa nikimkanda mkono, nikidhani kweli unauma.