Salamu ya Kiganjani

Mama mmoja alikuja kikao cha tatu, akakaa dawati la nyuma karibu na mlango, kama mtu ambaye bado hajaamua kama atabaki. Tulikuwa tukitumia chumba cha darasa la pili katika shule moja ya msingi Kilosa mjini, kila Alhamisi watoto wakishaondoka. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, na nilijitolea kuwafundisha wazazi na walimu namna ya kumsaidia mtoto aliyeelemewa moyoni. Wazazi wote walinizidi umri. Nilianza kwa kuwaamkia mmoja mmoja, kisha nikasimama mbele kuwaeleza malezi, mimi ambaye sina mtoto. Baba mmoja, magoti yamembana chini ya dawati, alisema madawati yale yanamkumbusha fimbo, akaniomba nisimchape akikosea. Walicheka. Nami nilicheka, halafu nikawaza siku mbili kama alikuwa ananidharau.

Ndivyo nilivyo. Mtu akinijibu "sawa" kwenye simu, nairudia kuisoma nione amekasirika wapi.

Kila kikao nilikifungua kwa ahadi moja: yatakayosemwa humu hayatatoka na jina la mtu. Nadhani ni ahadi hiyo iliyomfanya mama yule abaki nyuma siku ile, wakati nafuta ubao.

Alitoka Kidete, kijiji cha kando ya reli. Binti yake alikuwa na miaka tisa. Mafuriko ya mto Mkondoa yalipoingia kwao, bibi yake alichukuliwa akiwa amemshika mtoto mkono, na tangu siku hiyo mtoto hakusema neno. Huku kwetu mtoto asiyesema shikamoo haitwi mgonjwa. Anaitwa hana adabu, na anayeulizwa ni mama yake. Shuleni alisimamishwa mbele ya darasa mpaka aamkie; alisimama kipindi kizima, mdomo umefungwa. Mama mwenyewe alikuwa amemchapa mara mbili mbele ya mawifi, ili aonekane anafundisha.

Kisha asubuhi moja, mama anachochea moto, mtoto alikuja akaweka vidole kwenye kiganja chake na kubonyeza mara mbili. Mama akajikuta ameitikia marahaba. Kesho yake ikawa hivyo hivyo.

"Mwalimu," aliniuliza, "hiyo ni shikamoo, au najidanganya?"

"Ni shikamoo, mama."

Alificha uso kwa upande wa khanga, na sikujua kama analia au anacheka. Nilimwambia asimlazimishe zaidi ya hapo, aitikie tu kila mara kama anavyoitikia salamu yoyote. Alhamisi zilizofuata aliniletea habari, akizitoa kidogo kidogo. Mtoto amesalimia na jioni. Mtoto amembonyeza jirani kiganja. Wiki moja alisogea dawati la mbele.

Baadaye nilipelekwa Mikumi, siku tatu, kufundisha walimu. Tulifunga madirisha kwa sababu ya nyani waliozoea kuingia kutafuta chakula, na kwa joto lile niliona siku ya pili jinsi walimu walivyonichoka. Mmoja wa miaka mingi kazini alinyoosha mkono.

"Dada mtaalamu, kwa hiyo mtoto akinivimbia nimpe soda?"

Darasa zima lilicheka. Nilihisi wananiponyoka, na neno likanitoka kabla sijalipima. Nikasema kuna mtoto mmoja, huko upande wa reli. Sikutaja jina wala kijiji. Nilitaja maji, bibi, na kusimamishwa mbele ya darasa. Nikanyoosha kiganja changu na kuwaonyesha: mara mbili, hivi. Wakanyamaza. Yule wa soda alivua miwani akaifuta. Niliupenda ukimya ule, siwezi kusema uongo. Walinipigia makofi, na mimi ninayewaza kila kitu, siku hiyo sikuwaza chochote.

Niliporudi Kilosa, mama yule hakuja Alhamisi mbili. Niliwaza mavuno, niliwaza ugonjwa, niliwaza labda kuna neno nilimjibu vibaya. Nilipompigia alisema yuko shambani, mwalimu, akakata. Nikachukua bodaboda mpaka Kidete.

Nilimkuta uani anapeta mpunga. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Akanieleza bila kuacha kupeta. Mwalimu mmoja wa Mikumi alikuwa amesoma chuo na mwalimu wa binti yake, na aliposikia upande wa reli na bibi aliyechukuliwa na maji, alijua. Alimwandikia mwenzake ili amsaidie mtoto. Mwenzake naye alifurahi, maana kumbe ile haikuwa jeuri. Akamwita mtoto mbele, akanyoosha kiganja, akamwambia nisalimie kama unavyomsalimia mama. Mtoto alipoganda, akawaambia wanafunzi wote wanyooshe viganja ili asione haya. Darasa zima la viganja. Mtoto alijikojolea pale pale.

Tangu hapo, mapumziko wenzake walimkimbiza wakiwa wamenyoosha mikono. Shule ameacha. Na hata kiganja cha mama yake hakibonyezi tena.

"Ulisema hutataja jina," alisema. "Na kweli hukutaja."

Kwenye bodaboda nilikuwa nimeandaa maneno kadhaa ya kuombea radhi, kwa jambo lolote litakalokuwa. Hili halikuwamo. Nilisema nisamehe, mama. Akajibu amenisamehe, upesi, kama mtu anayerudisha bakuli la jirani, kwa sababu alikuwa na jambo jingine.

"Sasa nifanye nini? Wewe ndiye uliyesoma."

Nilijua vichwa vya mada zote za mafunzo kwa mpangilio wake. Nikasema nitazungumza na mwalimu wa mtoto, na kweli nilizungumza naye siku ile ile. Alilia, akawakataza watoto, lakini kukataza hakukumrudisha mtoto shule. Miezi mingi baadaye nilimwomba mama ruhusa ya kuandika haya, na kubadilisha baadhi ya mambo. Alisema niandike tu, wasiopaswa kujua wameshajua wote.

Siku ile uani, kabla sijaondoka, binti alitokea nyuma ya nyumba na kuni kichwani. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Nilikuwa nimesimulia habari zake vizuri kiasi kile na sikuwa nimewahi kumwona. Alitua kuni, akaniona, akakunja ngumi mbili na kuzificha kwapani.

Mama aliweka ungo chini. Akanyoosha kiganja, makapi yamekishika, akakiacha hivyo juu ya goti. Hakumwita. Mtoto alipita kati yetu akiangalia chini, akaingia ndani, na pazia la mlango likarudi mahali pake.

Kiganja kilibaki wazi. Nilikitazama mpaka nikashindwa, nikatazama miguu yangu.

"Marahaba," mama akasema, akiuelekeza uso mlangoni, kwa sauti ile ile ya mtu aliyeamkiwa.