Sauti Iliyoisemea Filamu Bubu

Haya yalinipata mchana, nikiwa na akili zangu zote. Ukifika Makobola, uliza yeyote aliyekuwa ukumbini Jumapili ile.

Niliacha shule mapema, baba alipokufa. Mama alipomfuata, nikabaki na wadogo watatu. Wa mwisho, Neema, hakutamka neno tangu tumzike mama. Mwaka mzima! Nilikuwa nikimlaza, nikimwamsha, nikingoja.

Kazi yangu ni kueleza filamu kwa Kiswahili kwenye ukumbi wa video. Kifaransa nakisikia nusu, nusu nabuni, watu wanacheka. Siku ile mwenye ukumbi akaleta kichekesho cha zamani sana, kilichotokana na mchezo wa jukwaani. Hakina sauti. Maneno yameandikwa kwenye kioo, yanapita mbio. Ningeyasomaje mimi? Naona tu tajiri anajifanya mpishi ili amnase mwizi wa nyama. Nikanyamaza.

“Weye, umemeza ulimi?” mmoja akanipigia kelele.

Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka benchi la nyuma: “Ee madamu! Huyu mupishi mupya anaunguza ugali, lakini iko na viatu vya bwana!”

Ukumbi ukaangua kicheko. Sauti ikamsemea bwana, mke wake, mtumishi, na kila neno likaangukia midomo ya waigizaji sawasawa. Nikaitambua hadithi ile. Mchezo huu mama aliucheza parokiani akiwa msichana. Yeye ndiye aliyeigiza mtumishi. Na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kucheka, ningekisahau vipi?

Neema, aliyekaa mapajani pangu, akacheka. Kisha akasema, wazi kabisa: “Mama, sema tena!”

Hapo nikakosea. Niliwasha tochi ya simu, nikageuka. Benchi lilikuwa tupu. Sauti ikakatika katikati ya neno.

Niamini, Neema akasimama, akalichukua neno lile palipokatikia, akawasemea wahusika wote mpaka mwisho wa filamu.

Siku hizi anaongea hadi majirani wanamwomba apumzike. Yuko shuleni, na filamu zenye maandishi ananisomea yeye. Lakini kila tukimaliza ananiuliza mimi mkubwa wake, “Yaya, kwa nini ulimulika?”

Basi weye, ukimsikia wako aliyekufa anaongea nyuma yako, usigeuke. Hakuja kuonekana. Mwache amalize.