Mpishi Aitwaye Jitilie Chumvi

Saa kumi na mbili asubuhi. Vlasta Osolsobě ameligeuzia dirisha mgongo, anamenya viazi katika jiko la shule ya kijiji chao, eneo la Moravia, nchini Cheki. Supu ya kitunguu saumu inaanza kuchemka. Watoto themanini na mmoja watakula mchana.

Ana miaka 63. Amepika hapa miaka 31, na Juni anastaafu.

Wapo watoto wanaomchokoza wakipokea sahani: "Bibi, chumvi haijakolea." Huwajibu bila kuinua macho: "Jina langu limeshakujibu." Kwa Kicheki, Osolsobě ni kumwambia mtu ajitilie chumvi.

Jina lenyewe ni adimu. Kijijini limebaki kwake na kwa binti yake, Radka.

Zamani hakuweza kulitania. Siku yake ya kwanza shuleni mwalimu aliliita, darasa zima likaangua kicheko. Alirudi analia, akaapa haendi tena.

Baba yake, Metoděj, alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli. Alimpakata kibandani mwake, akasubiri treni ya mizigo ipite, ndipo akamsimulia. Alisema hapo kale bibi yao mmoja aliendesha nyumba ya wageni, na karani wa bwana mwenye ardhi akalalamika kuwa supu haina ladha.

"Bibi akamwambia, jitilie chumvi," Vlasta anakumbuka. "Karani kwa hasira akaliandika jibu hilo daftarini liwe jina la bibi. Baba akasema, 'Mwanangu, umetoka kwa mwanamke asiyeogopa karani.' Kesho yake nikaenda shule."

Alipoolewa alikataa kulibadili. Mumewe, marehemu Bohumil, hakuteta.

Mwaka jana Vlasta na Radka walikwenda Brno, kwenye hifadhi ya nyaraka, kumtafuta bibi huyo. Walipekua vitabu vya parokia siku mbili. Osolsobě wa zamani kuliko wote alikuwa kibarua, Jiřík, aliyepeleka mtoto kubatizwa. Nyumba ya wageni haikutajwa, wala karani. Asili ya jina haikuandikwa popote.

Radka alifunga kitabu taratibu, akauliza kama babu alitunga.

"Nikamwambia, alitunga. Mimi nalia, na treni nyingine inakuja. Alikuwa na dakika chache tu." Vlasta anafuta mikono kwenye aproni. "Sijawahi kumpenda baba kama siku ile ya Brno."

Radka ni mjamzito. Mtoto atazaliwa Agosti, na wamekubaliana na mumewe kwamba atabeba jina la mama. Vlasta ameshajua atakalofanya siku mjukuu huyo atakapochekwa darasani.

"Nitampakata, nimsimulie ya bibi na karani. Ya vitabuni atasoma mwenyewe akikua."