Tela la Kubebea Gari la Maharusi

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa magari, na alikuwa na udhaifu mmoja: gari likishakataliwa na watu wote, hapo ndipo yeye anaanza kulipenda. Aliniachia matatu ya zamani sana, yamejipanga bandani nyuma ya nyumba yetu hapa Mjimwema kama wazee wanaosubiri kuitwa ndani. Majina ya waliomuuzia ninayo yote kichwani, na ya baba zao pia, lakini siyataji hapa. Wengine bado tunakutana kanisani.

Kipenzi cha watu ni lile dogo la rangi ya maziwa, la chini chini, lenye taa za mviringo. Mwanangu wa kwanza hulikodisha kwa maharusi. Hapa mjini halina tabu. Tabu ni vijijini. Kiangazi cha mwaka juzi lilikwenda harusi ya mbali kwa magurudumu yake lenyewe, na vumbi jekundu likaingia mpaka kwenye viti. Bibi harusi akakaa na gauni jeupe, akashuka na kiraka chekundu nyuma kama mtu aliyekalia rangi mbichi. Akalia, mama yake akalia, na mwanangu akarudi nyumbani.

"Mama, nauza," akaniambia. "Yote matatu. Kuna mtu Dar anakusanya magari ya zamani, anayataka hata kesho."

Mume wangu nilimzika mara moja. Sikutaka kumzika tena kwa vipande vipande. Nikamwambia, "Nipe harusi moja tu. Tafuta tela la boksi, lililofungwa pande zote, gari liingie ndani lifungiwe, likashushwe karibu na kanisa. Likifika na vumbi, uza, sitafungua mdomo."

Akafikiri, akakubali. Harusi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ya Maposeni, kwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho.

Tukaenda kwa fundi mmoja wa mjini anayetengeneza na kuuza matela. Alikuwa nayo mawili ya kufungwa. La kwanza lilikuwa jeupe, linang'aa, jepesi, limetoka nje ya nchi. La pili alilichomelea mwenyewe: fremu ya chuma kinene, bati nzito, sakafu ya mbao za mninga, magurudumu mawili kila upande. Mwanangu akawa anazunguka lile jeupe kama kijana aliyeona mchumba.

Mimi sijasoma, lakini mahindi nimeyahifadhi maisha yangu yote. Ukitaka kujua kihenge ni kizima, unaingia ndani mchana, unafunga, unatulia mpaka macho yazoee giza. Tundu likiwepo litajionyesha lenyewe. Basi nikapanda kwenye lile jeupe, nikakaa sakafuni, nikawaambia wafunge mlango.

Jamani! Nyota tupu. Kila palipokuwa na msumari palikuwa na mwanga, na pembeni mwa mlango mwanga ulikuwa umesimama kama fimbo. Penye mwanga vumbi nalo linapita.

"Bibi, bado u mzima humo?" fundi akagonga.

"Mzima. Nahesabu matundu yako."

Nikahamia la pili. Lilikuwa giza kama ndani ya chungu. Nikaomba ndoo tatu za maji zimwagwe juu ya paa nikiwa humo humo. Halikudondoka tone. Nikatoka, nikarukaruka juu ya mbao kadiri magoti yalivyoniruhusu, nikainama kutazama chini kama kuna kutu, nikagonga bati kwa kifundo cha kidole. Watu wa gereji ya jirani walikuwa wameshaacha kazi wanatutazama.

"Bibi," fundi akasema, "unanunua tela au unachagua mkwe?"

"Mkwe akinishinda namrudisha kwao. Hili likinishinda utalipokea?"

Wakacheka wote, na yeye akacheka.

Mwanangu akaniita pembeni. "Mama, hili liko juu mno. Angalia sakafu ilivyo mbali na ardhi."

"Ndiyo uzuri wake," nikamwambia. "Kihenge hujengwa juu ya miguu. Ukikiweka chini unakaribisha panya na maji ya mvua."

Hakubishana. Labda alichoka, labda aliniheshimu. Tukalichukua.

Ijumaa mchana, harusi ikiwa kesho yake, tukaanza kupakia. Mlango wa nyuma wa tela unalala chini na kuwa daraja. Gari likapanda vizuri magurudumu ya mbele, sote tukishangilia, halafu pale daraja linapokutana na sakafu tukasikia krrr! Tumbo la gari limelala juu ya ukingo, magurudumu ya mbele yako ndani, ya nyuma bado yako kwenye daraja. Halisogei mbele, na tungelilazimisha lingeng'oa bomba la moshi.

Nikajua nimekosa. Kihenge hupandishiwa mahindi kwa vikapu, na kikapu hakina tumbo la chuma. Gari lile lilikuwa la chini na mimi nimelinunulia nyumba ya ghorofa.

"Mama umetuletea ghala," mwanangu akasema.

Binti yangu, aliyekuwa akipiga pasi vitambaa vya kulipambia gari, akachungulia dirishani. "Kaka, ile namba ya mtu wa Dar bado unayo?"

"Ninayo."

"Basi usiifute."

Alisema kwa utani, lakini mwanangu hakucheka. Walilirudisha gari chini taratibu, wakalikwangua kidogo kwa chini, mahali ambapo bibi harusi haoni.

Nikaenda kukaa uani. Nikakumbuka tulipokuwa tukiuza mahindi Maposeni, mimi nikiwa bado na nguvu za kubeba gunia. Lori lilikuwa refu kwenda juu na sisi hatukuwa na ngazi. Tulichofanya ni kulirudisha lori mpaka kwenye tuta lililochongwa, bodi likawa sawasawa na ardhi tuliyosimama, tukayabingirisha magunia ndani kama watoto wanavyobingirisha matairi.

Nyuma ya nyumba yetu ardhi inashuka ghafla kuelekea kwenye migomba. Nikachukua jembe, nikaanza kuchonga ukingo.

"Mama, unalima saa hizi?"

"Leta tela lako huku chini, urudi nalo kinyumenyume. Sakafu yake haishuki, basi gari libaki juu, tela ndilo lishuke."

Alinitazama kidogo, kisha akapiga kofi pajani na kukimbilia pikapu ya kuvutia tela. Tukachonga wote, binti yangu naye, pasi ikiwa imesahaulika. Tela liliposimama kule bondeni, daraja likalala juu ya ukingo, limenyooka kama meza. Tukalisukuma gari kwa mikono. Likaingia bila hata kunung'unika. Tukalifunga magurudumu yote manne kwa mikanda.

"Sawa," mwanangu akasema, anahema. "Na kule tutashushaje?"

Nikampigia shemeji.

"Shikamoo shemeji," akaniwahi.

"Marahaba. Lile tuta la kupakilia mahindi bado lipo?"

"Lipo. Mbona, unaleta mahindi harusini?"

"Naleta gari. Waambie vijana wafyeke majani."

Jumamosi asubuhi tulikwenda, mimi nimekaa mbele kwenye pikapu, kila tukipishana na lori naona nyuma yetu wingu zima la vumbi limelivamia tela. Tulipofika, tela lilikuwa jekundu mpaka paa, na watoto wakashangilia wakidhani tumeleta soda.

Tukarudi kinyumenyume mpaka kwenye tuta. Mwanangu akafungua. Gari likatoka polepole kwenye jua, jeupe la maziwa, mpaka vigelegele vikapigwa. Yeye hakuwatazama. Alifungua mlango wa gari, akapitisha kiganja chote kwenye kiti cha nyuma, kuanzia upande huu mpaka ule, akakitazama. Kisha akaja akanionyesha kiganja, kisafi.

"Mtu wa Dar nitamwambia aache kusubiri," akasema.

"Mwambie vizuri," nikamjibu. "Asije akaumia."

Shemeji alikuwa amelizunguka tela mara mbili, anagonga bati kwa kifundo cha kidole.

"Shemeji," akaniambia, "hili boksi lako wakwe wanaweza kuletea ng'ombe wa mahari aliyebaki?"

"Ng'ombe ana miguu minne," nikamwambia. "Atembee."