Shati la Shoto

Mama Pasi hakujaliwa subira, na hilo hata mwenyewe halikatai. Wenzake kwenye duka la dobi, alikopiga pasi tangu ujana wake, humtania kwamba chai yake huinywa kabla haijachemka. Ila siku ile alipitiliza. Asubuhi aliunguza kitambaa cha meza, mchana akamjibu mteja kwa mkato, na sababu ilikuwa moja tu: binti wa kaka yake, aliyemlea kama wa kumzaa, alikuwa anakuja kujaribiwa kazi.

Nyumbani wanamwita Shoto, maana kila kitu anakifanya kwa mkono wa kushoto. Bado yuko shule, anachotaka ni kibarua cha Jumamosi tu. Duka la viatu lilimkataa. Duka la simu nalo likamkataa, tena mbele za watu. Siku hiyo alijifungia chumbani, na alipotoka akamwambia shangazi yake, “Hapo kwenu nitajaribu. Wakinikataa, basi tena. Msiniambie habari za kazi.” Hakupandisha sauti hata kidogo, na hapo ndipo Mama Pasi alipoingiwa na hofu.

Bosi wao ni mama asiyecheka ovyo, na mtihani wake haubadiliki. Unapewa shati jeupe la mikono mirefu, la wahudumu wa hoteli, unalipiga pasi, unalikunja, unaliweka mezani. Hakusimamii. Anachungulia mara moja, anaingia ofisini kwake, anarudi ukishamaliza.

Tatizo lilikuwa waya. Pale dukani waya wa pasi unatokea kulia, kwa hiyo mtu wa kushoto akiisukuma pasi, waya unaburuta juu ya kitambaa na kuharibu kilichokwisha kunyooka. Wiki nzima nyumbani ilikuwa vita.

“Shika kwa mkono wa kulia, mwanangu.”

“Siwezi, shangazi.”

“Huwezi au hutaki?”

Basi siku ya mtihani, pale dukani, Shoto akapiga pasi kwa kushoto, jasho likimtoka, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Alipomaliza alilikunja shati, akaliweka mezani, akaenda nyuma kunywa maji. Mama Pasi akalisogelea. Lo! Kola safi, lakini mkono mmoja ulikuwa na makunyanzi ungedhani umelaliwa. Ofisini bosi alikuwa anaaga mtu kwenye simu. Roho ikamruka Mama Pasi. Kufumba na kufumbua alichukua shati pacha alilolipiga pasi yeye mwenyewe asubuhi, akaliweka pale, na la Shoto akalisukumiza nyuma ya kapu la nguo chafu.

Bosi akatoka. Hata hakulikunjua. Aliligeuza tu, akamtazama binti aliyekuwa anarudi akijifuta midomo.

“Umelikunja wewe?”

“Ndiyo, mama.”

“Pasi ulishika kwa mkono gani?”

“Wa kushoto.”

“Niliona. Mtu wa kushoto anaanza kukunja upande huu. Hili limeanzwa kule.” Akamgeukia Mama Pasi. “Kazi yako naijua hata gizani, wewe mwanamke. Nilitaka kuona ya huyu.”

Ama kweli siku hiyo Mama Pasi aliumbuka. Alivuta shati nyuma ya kapu, sasa limekuwa tambara, akalishika hajui aliweke wapi. Shoto alilitazama, kisha akamtazama yeye.

“Lilikuwa baya kiasi hicho, shangazi?”

Mama Pasi akaanza kulinyoosha kwa kiganja.

“Sina kazi ya watu wanaobebana,” bosi akasema, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye mlango wa ofisi.

“Naomba lingine, mama.” Shoto akamfuata hatua moja. “Na shangazi atoke nje.”

Akatoka. Alisimama barabarani, uso kwenye kioo, katikati ya makoti yaliyotundikwa, akimwomba Mungu apishe mbali. Ndani, Shoto alikuwa amepewa shati lingine, lakini hajaligusa. Alikuwa anautazama waya. Kisha akaishika meza ya pasi kwa ncha moja na kuanza kuizungusha, ikikwaruza sakafu, mpaka waya ukawa unatokea kushoto. Mama Pasi alibaki mdomo wazi. Wiki nzima amehangaika na mkono wa mtoto wa watu, meza haikumpitia akilini!

Shoto alipomaliza, bosi alilikagua lile shati polepole, kidole kwenye kola, kidole kwenye vifungo.

“Hapa pamekwenda upande,” alisema mwishowe. “Utajifunza. Njoo Jumamosi, mapema.”

Njiani Shoto alitangulia, na shangazi mtu akawa anamkimbilia. “Jumamosi mimi sina zamu, nitakusindikiza. Nikuonyeshe sabuni zinakaa wapi, nikuonyeshe…”

“Usije, shangazi.”

“Hata mpaka mlangoni?”

“Njia naijua.”

Jumamosi Mama Pasi aliamka kukiwa bado giza, akaoga, akavaa viatu vya kutokea. Alikaa navyo kitandani, mikono mapajani, mpaka aliposikia mlango wa mbele ukifungwa.