Safi Mbele, Fifi Nyuma

Kwa miaka mingi nimekana kwamba nilikaa fifi. Wenzangu wa chuo kikuu niliwaambia nilikuwa wa kwanza tangu darasa la kwanza, na kwenye harusi yangu mshereheshaji akalirudia hilo kwenye kipaza sauti, nami nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Mwezi uliopita nilipita Bariadi, nikaona lori la pamba limesimama karibu na shule yetu. Nikachoka kukana.

Kama hukukulia kwenye pamba, rafiki yangu, ngoja nikueleze. Pamba nyeupe, kavu, isiyo na takataka, iliitwa safi. Yenye madoa ya wadudu ilikuwa fifi. Nyumbani tuliichambua kabla ya kuuza, kila aina na gunia lake, na mkulima aliyechanganya aliaibika mbele ya mizani. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza, mama mmoja aliyetoka Tanga, aliupenda utaratibu huo hadi akauingiza darasani: safi walikaa mbele kwenye madawati, fifi tukakaa nyuma juu ya matofali. Tatizo langu lilikuwa Kiswahili. Nilikielewa vizuri, ila kikifika mdomoni kinageuka Kisukuma.

Jumatatu moja ya msimu wa mavuno alitupeleka stoo, kwenye pamba ya shamba la shule. "Wiki hii tunajifunza kwa mikono," akasema. "Atakayechambua vizuri kuliko wote, Ijumaa anahamia dawatini. Hata awe wa matofali." Akaniangalia mimi. Naapa aliniangalia mimi.

Jioni nilimweleza bibi. Akacheka huku akinigawia matobolwa, vile viazi vyake vya kuchemsha na kuanika, vigumu kama kokoto na vitamu kama sukari guru. "Pamba haijui Kiswahili," akasema. "Chambua."

Nikachambua. Asubuhi tulihesabu kwa mbegu za pamba na kuimba ba be bi bo bu. Mwalimu akieleza jambo, namnong'oneza jirani yangu wa tofali kwa Kisukuma, naye anampasia wa pembeni, mpaka mstari wote wa nyuma unaelewa. Mchana tulirudi stoo, tukatoka na mvi za pamba kama wazee.

"Wewe unachambua au unatafuta chawa?" jirani yangu alinitania.

Niliendelea kuchambua. Alhamisi lundo langu lilikuwa jeupe hata kulitazama juani kulikuwa kazi. Nikalifunika kwa kanga ya bibi.

Ijumaa lori lilifika kabla ya ukaguzi. Halikuwa la chama cha ushirika tulilolizoea. Lilikuwa la mnunuzi binafsi, soko huria limeingia, na vijana wake walikuwa na haraka.

"Mwalimu, mmetenganisha ya nini?" mmoja akauliza. "Siku hizi tunabeba yote, bei moja."

"Bei moja kweli?"

"Kweli, mama. Mnajitesa bure."

Mwalimu akacheka. Akaishika kanga ya bibi kwenye pembe zake, akamwaga safi yangu juu ya fifi, na kijana akaingia guniani kuishindilia kwa miguu. Jumatatu nikarudi kwenye tofali, nikabaki hapo hadi mwaka ukaisha.

Msimu uliofuata hata bibi aliacha kuchambua. Jioni zile za kuzunguka turubai, vidole vikifanya kazi na yeye akisimulia, ziliondoka na lori lile. Nimeandika insha nyingi kuhusu soko huria, zote za hasira. Wahariri hudhani ni itikadi.

Jirani yangu wa tofali, ambaye sasa anauza vitenge sokoni, ndiye aliyenipa namba ya mwalimu. Nikapiga jana asubuhi, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Nikajitaja. Kisha, kama mtu anayeulizia mvua, nikamuuliza kama analikumbuka lundo langu.

"Nalikumbuka. Alhamisi mlipoondoka nilifunua kanga nikachungulia. Hapakuwa na jingine kama lile."

Nikaishika simu kwa mikono miwili. "Sasa mbona hukunihamisha?"

"Nikuhamishe?" Alishangaa kwelikweli. "Halafu kule nyuma nani angewaambia nilichosema? Kisukuma chenu nilikuwa sikijui, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa unanifundishia."

Kisha akauliza, kwa upole kabisa:

"Kwani ulitaka kuhama?"