Bi Husna, Mshenga wa Bendi ya Kutu

Mwabungo kuna watu wanaojua kuoa na kuna wanaojua kuozesha, na hao wa pili ni wachache zaidi. Bi Husna Suleiman ni katika hao wachache. Kazi yake inayoonekana ni makuti. Wanawake wa kijijini wanashona, yeye ananunua, anayapanga bandani mpaka hoteli moja ya Diani igundue kwamba paa lake linavuja, kisha anauza. Kazi yake nyingine haina duka. Kijana akitaka mke na ulimi wake ukawa mzito, Bi Husna huvaa buibui lake la heshima, hununua kilo ya sukari, akaenda kupiga hodi kwa wenyewe. Huenda pia kwa kazi ngumu kuliko hiyo, yaani kumwambia mtu kwamba hatakiwi tena. Wanaomjua wanasema akikuletea habari mbaya unamsindikiza mpaka njiani ukimshukuru, na maumivu huanza ukisharudi ndani.

Kwamba mwanamke huyu angekuwa nguzo ya bendi ya metali, ule muziki wa magitaa na makelele, hakuna aliyetabiri, na wapo jamaa zake ambao mpaka leo hawajaambiwa.

Aliyeleta jambo hilo ni mpangaji wake, Kitonga, fundi wa friji na viyoyozi katika hoteli za Diani. Wazazi wake ni Wakamba wenye shamba huko Shimba Hills. Yeye aliteremka kufuata kazi, akapanga chumba cha nyuma kwa Bi Husna, akaitengeneza friji yake bila kuombwa. Kuanzia siku ile akawa anaitwa mwanangu na anakula humo humo. Ni kijana asiye na tatizo na mtu, jambo ambalo kwa mpangaji ni sifa kubwa, na kwa mwanamuziki wa aina yake, kama tutakavyoona, ni kilema.

"Shikamoo Bi Husna," alisema siku hiyo.

"Marahaba mwanangu. Friji inagandisha, kwa hiyo umekuja kwa jambo lako."

"Ni lile banda la makuti. Tunatafuta mahali pa mazoezi. Jumapili alasiri tu, watu wakishatoka kanisani."

"Mazoezi ya nini?"

"Muziki. Metali. Ile ya kasi, inaitwa thrash."

Akamfungulia wimbo mmoja kwenye simu. Bi Husna akausikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Huyu anayeimba," akauliza, "nani amemuudhi?"

"Hakuna, Bi Husna. Ndivyo unavyoimbwa."

"Mtu hapigi ukelele kama huo bila kuudhiwa. Na wewe, nani amekuudhi?"

Kitonga akafikiri, kwani ni mtu anayejibu swali analoulizwa. "Hakuna," akasema.

"Haya. Banda chukueni. Adhana ikianza, mnanyamaza."

Ikawa hivyo. Makuti yaliyopangwa mpaka darini yanameza sauti vizuri kuliko ukuta wowote wa studio, na mtu aliyepita njiani alisikia mngurumo tu, kama wa tumbo la jirani. Bi Husna alikaa nje na pamba masikioni, akihesabu makuti. Taabu ilitokea hoteli iliponunua makuti yote kwa mkupuo na bendi ikabaki uchi. Mwalimu wa madrasa alikuja mbio kuuliza kama kuna mashine iliyoharibika. "Fundi yuko ndani," Bi Husna alimjibu, "anaishughulikia." Hakuna neno la uongo katika jibu hilo.

Bendi iliitwa Kutu, kwa sababu katika hewa ya chumvi ya pwani nyuzi za gitaa zinashika kutu kabla kijana hajajifunza wimbo. Walianza watatu. Kitonga alipiga gitaa na kuimba. Fondo, kijana wa Kidigo kutoka Gazi anayelea miche ya mikoko, alipiga besi. Ngoma zilipigwa na Tobias, mhudumu wa mkahawa wa hoteli, na hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Thrash ni muziki ambao ngoma hukimbia kama zimeiba kitu. Tobias alizipiga jinsi anavyobeba trei: kwa uangalifu, bila kumwaga.

Bendi nyingine ingemwambia atoke, mambo yakaisha. Lakini Fondo hakukubali. "Mtu hafukuzwi kama kuku aliyeingia jikoni," alisema. Kitonga naye alisema Tobias ni rafiki yake. Basi wakaendelea kwa miezi, Tobias akija kila Jumapili mapema kuliko wote, tena na maji ya kunywa ya kuwagawia.

Bi Husna ndiye aliyewaona wamekaa juu ya makuti siku moja, wameshika tama.

"Nyinyi mna mtu mnataka kumwacha," akasema, "na hamna wa kupeleka talaka."

Akavaa buibui, akanunua sukari, akaenda Ukunda kwa Tobias. Tobias mwenyewe alimweleza Fondo baadaye, bado hajaelewa kilichompata: "Ameniuliza mamangu yuko aje. Akaniuliza kazi. Akauliza hata hii mguu niliumia mwaka jana. Ghafla najisikia nikimwambia mimi ndio nimechoka na bendi. Nikampea na ndizi abebe." Siku hizi Tobias anapiga ngoma za kwaya, ambako kutomwaga ni karama. Lakini Mwabungo hajakanyaga tena.

Mpigaji mpya alitakiwa awe msichana, kwa sababu mikono yenye mbio kuliko yote Ukunda ilikuwa ya Nereah, binti wa mpishi wa hoteli aitwaye Caroline. Hilo lilihitaji posa kamili. Bi Husna akatangulia, Kitonga na Fondo wakafuata nyuma na mashati yaliyopigwa pasi. Caroline aliwakalisha, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Sasa mama, nani kati ya hawa ndiye mume?"

"Hakuna mume, dada yangu. Wanaomba mikono."

"Mikono pekee?"

"Na miguu. Kuna ngoma moja inapigwa kwa teke."

Caroline akamgeukia binti yake. "Umesikia? Wanakutaka kwa vipande."

Nereah alikuwa ameinamisha uso kama mwali, akicheka mpaka mabega yanatikisika. Masharti yakatajwa: awe amerudi nyumbani kabla ya magharibi, na zile fulana nyeusi zenye mafuvu zisionekane kanisani. Kwa kuwa posa haiendi mikono mitupu, Bi Husna akatoa doti ya leso yenye maandishi kwamba kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Caroline aliisoma, akasema anaona wametafuta kwa makini.

Kwa Nereah, Kutu ikashika mbio. Kisha akaja Ivan, gitaa la pili, ambaye hakuposwa. Aliuliza njia akafika. Ivan anakaa mapokezi ya hoteli. Wiki nzima anawasikiliza wageni wakimlalamikia kwamba bahari ina chumvi nyingi, naye anawajibu kwamba ataifikisha taarifa. Jumapili moja Kitonga alikuwa na mafua, Ivan akaombwa aimbe mahali pake. Kilichotoka kifuani mwake kiliwanyamazisha kuku wa majirani. Walipomaliza wimbo, wote walitazama chini, Kitonga peke yake akapiga makofi.

Mambo yangebaki hivyo, kila mtu akijua na hakuna anayesema, lakini mwaliko ukaja. Waendesha pikipiki kubwa kutoka Nairobi walikuwa na mkutano wao Diani na walitaka bendi yenye makelele. Kutu haikuwa imewahi kupiga mbele ya mtu asiye na makuti. Basi siku moja, Kitonga akiwa kazini, wale watatu wakaja kwa Bi Husna.

"Bi Husna, tumwambie tu straight," Ivan alianza. "Kitonga aache kuimba. Si ubaya, ni kazi."

"Wewe ndiye utakayeimba," Nereah akamkata, "kwa hivyo wewe nyamaza."

Fondo ndiye aliyesema kwa utaratibu. "Gitaa lake tunalitaka, Bi Husna. Sauti ndiyo haifai. Hatuna mwingine wa kumtuma."

"Yule ni mpangaji wangu," Bi Husna akasema. "Yule ni mwanangu."

"Ndiyo maana atakusikia."

"Mshenga hatumwi kwake mwenyewe."

Lakini alijua kwamba hakuna mwingine wa kwenda. Aliogopa jambo moja, na hakulificha: kwamba Kitonga angesikiliza, aseme ahsante, kisha mwisho wa mwezi ahame. Ndivyo walivyofanya wote aliowapelekea maneno mabaya. Walimshukuru, na hakuwaona tena.

Siku ya Alhamisi, baada ya kuswali alasiri, alivaa buibui la heshima. Chumba cha Kitonga kinatazamana na mlango wa jikoni kwake, na ukikaa jikoni unaziona soksi zake kwenye kamba. Lakini mshenga haendi kwa mtu kupitia jikoni. Bi Husna alitoka kwa mlango wa mbele, akashika njia mpaka barabarani, akaingia dukani.

"Leo unakwenda kwa nani?" mwenye duka akauliza akipima sukari.

"Kwangu," akajibu.

Akauzunguka ua wote, akatokea upande wa nyuma, akasimama mlangoni pa Kitonga.

"Hodi!"

Kitonga akatoka na spana mkononi. Akaliona buibui. Akaiona sukari. Akautazama mlango wa jikoni uliokuwa wazi, unatoa harufu ya maharage aliyotarajia kuyala.

"Umezunguka kwa barabara," akasema.

"Nimetumwa. Hujambo kwanza?"

"Sijambo."

"Na wazazi, Shimba Hills?"

"Hawajambo. Bi Husna, ni gitaa au ni sauti?"

Hakuna aliyewahi kumkatisha Bi Husna salamu hivyo. Alikuwa bado na kazi, afya na mvua za kuulizia.

"Ni sauti," akasema. "Gitaa wanalitaka. Tena sana."

Kitonga akaipokea sukari kwa mikono miwili, akaketi kizingitini. Kisha akainua uso, akatabasamu lile tabasamu ambalo Bi Husna ameliona katika nyumba nyingi.

"Ahsante kwa kuja," akasema.

"Usiniambie ahsante!"

Kitonga akashtuka. Bi Husna alikwisha kulivua buibui, akalitundika kwenye kamba kando ya soksi, akabaki na dera lake la jikoni.

"Mjumbe ameondoka. Sasa ni mimi. Gomba."

"Nigombe nini, Bi Husna?"

"Hilo ndilo! Unaimba kama mtu anayeomba radhi. Nilikuuliza siku ya kwanza nani amekuudhi, na mpaka leo hujampata."

"Nimetafuta," Kitonga akasema kwa unyonge. "Nilimjaribu yule meneja anayenichelewesha kila siku getini. Nikaanza kumchukia vizuri, halafu akanipa embe."

"Maskini."

"Lakini bendi ni yangu!" Sauti ilimtoka kwa ghafla, ikampasukia katikati. "Jina nililitoa mimi! Banda nililiomba mimi! Halafu mnakaa mnanijadili kama friji mbovu, na wewe, wewe, umekwenda mpaka dukani kuninunulia sukari, na sukari iko hapo jikoni!"

Jirani akachungulia juu ya ua. Bi Husna akamwashiria aendelee na shughuli zake. Uso wake ulikuwa umekunjuka. Mgeni anayeondoka hushukuru. Anayekufokea kuhusu sukari ni wa nyumbani.

"Sema tena," akamwambia.

"Nimemaliza."

"Ungekuwa unaimba hivyo..."

"Usianze, Bi Husna."

Wakala maharage. Kitonga alikula huku amenuna, akajipakulia tena. Alipomaliza akatoa sharti lake: Ivan aimbe, lakini wimbo mmoja, ule wa nyuzi zinazoshika kutu, ubaki wake. Bi Husna akaliangua buibui kambani, akalivaa, akapeleka jibu. Fondo akasema wimbo mmoja ni haki. Nereah akasema alikuwa tayari kutoa miwili. Ivan aliambiwa kwamba amekubali.

Mwisho wa mwezi ukafika. Jumamosi, wiki moja kabla ya mkutano wa pikipiki, Bi Husna alisikia hodi kwenye mlango wa mbele, ambao Kitonga hakuwahi kuutumia tangu alipohamia. Ni Kitonga, amevaa shati la pasi na ameshika kilo ya sukari, ileile, haijafunguliwa. Alikuwa amezunguka kwa barabara.

Bi Husna akaitazama ile sukari. "Karibu," akasema.

"Nimetumwa. Hujambo kwanza?"

"Sijambo."

"Na biashara ya makuti? Na goti? Na yule dada yako wa Msambweni?"

"Kitonga, sema kama unahama."

"Nihame niende wapi? Nimetumwa na bendi. Ni kuhusu zile pamba."

"Pamba gani?"

"Za masikioni. Wanasema utakaa mbele siku ile, na watu wakikuona umeziba masikio, itakuwa aibu. Wanaomba uzitoe."

Bi Husna aliipokea sukari. Akaiweka mapajani.

"Waambie nimesikia," akasema. "Waambie wanipe muda. Mwanamke hajibu posa siku ileile."

Siku ya mkutano alikaa mstari wa mbele, katikati ya wanaume wenye ndevu na jaketi za ngozi, ambao bila kuambiwa walianza kumwamkia shikamoo. Pamba zilikuwa masikioni. Ivan aliwafokea wageni wote wa hoteli waliopata kuishi duniani, Nereah akikimbia nyuma yake, naye Bi Husna alitikisa kichwa taratibu kwa mapigo aliyoyapokea kupitia kiti. Kitonga alipokisogelea kipaza sauti kwa wimbo wake, Bi Husna akazitoa pamba zote mbili, akazifunga kwenye ncha ya leso.

Kitonga aliimba kwa adabu. Wale wenye jaketi walisikiliza kwa adabu. Wimbo ukaisha, Bi Husna akapiga makofi kuliko wote, kisha akaifungua leso na kuzirudisha pamba mahali pake.